Heko Kuku wa Mwanza

Mkazi wa Mwanza aliyeendelea hakosei hesabu. Hupita mwalo wa Kirumba kaziba pua, magunia ya dagaa yakipakiwa kwenye malori, kisha hupanda daladala kwenda mjini kununua kopo la vidonge vya kalsiamu, chuma na zinki. Kopo lina hadhi: kifuniko, picha ya mfupa unaong'aa, na ahadi ya kutibu mgongo, kisukari na ndoa.

Dagaa hana hata lebo.

Ana kalsiamu, chuma na zinki tu, maana huliwa mzima, kichwa na mifupa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria husagwa iwe chakula cha mifugo. Kuku, maskini, hasomi matangazo.

Anayetafuta mshauri wa lishe amfuate kuku. Dozi yake inapimwa kwa sado, pale pale Kirumba.