Paka na Mpaka

Kati ya paka na mpaka kuna herufi moja tu, na huku Kerege karatasi zote zimekwenda kwa yule mwenye herufi ya ziada. Mtu akinunua kiwanja, iwe karibu na barabara ya Bagamoyo au kule chini kunakosikika bahari, hatulii hadi apate hati ya mauziano, mashahidi wa pande mbili, picha ndogo za pasipoti, sahihi ya mwenyekiti na mhuri uliogongwa kwa moyo wote. Kisha anapanda minyaa kuzunguka bikoni zake, zisije zikatembea usiku. Mtu huyohuyo, jirani anayehama akimletea paka ndani ya kiroba, anampokea kwa maneno manne: "Haya, mwache tu hapo." Hakuna tarehe, hakuna shahidi, hakuna hata aliyechungulia kirobani. Tumeonywa sana tusiuziwe mbuzi kwenye gunia. Aliyeletewa paka kwenye kiroba hana wa kumwonya. Nasema mambo haya yamekaa miguu juu. Kiwanja, hata kikiuzwa mara mbili, asubuhi utakikuta palepale. Paka wa jirani ndiye wa kuandikiwa, tena siku hiyohiyo, na karatasi yenyewe wala haimhusu paka. Inamhusu jirani.

Tuanze na huyo jirani. Mtu hagawi paka kwa sababu amezidiwa na upendo. Anagawa kwa sababu anaondoka. Yupo mtumishi aliyepata uhamisho, yupo mpangaji aliyeletewa kodi mpya, yupo mlinzi wa saiti ambayo sasa imekuwa nyumba na mwenyewe anahamia na mbwa wake, na mara mojamoja yupo Mzungu wa mradi ambaye mkataba umekwisha. Huyu wa mwisho ana udhuru mzuri kuliko wote, maana karatasi za paka kwenda Ulaya zipo na hazina utani. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka paka anayetoka nchi kama Tanzania awekewe chipu chini ya ngozi, achanjwe kichaa cha mbwa, asubiri siku zisizopungua 30, atolewe damu ikapimwe kwenye maabara iliyoidhinishwa kama kinga imefika uniti 0.5 kwa mililita, kisha akae miezi mitatu mingine tangu siku damu ilipotolewa. Jumla inafika miezi minne. Paka ambaye tangu azaliwe hajawahi kusubiri kitu chochote isipokuwa mtu ageuke aache samaki, hawezi mtihani huo. Ndipo jirani anapokumbuka kwamba wewe ni mtu mwema na kwamba siku moja alikuona ukimrushia paka kichwa cha kibua.

Maneno atakayotumia yanafanana kwa wote, Mzungu na mtumishi: "Kaa naye kidogo, nikitulia nitamfuata." Sentensi hii imebeba mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja. "Kaa naye" inanukia zawadi. "Nitamfuata" inanukia amana. Pwani hii mtu anajua uzito wa amana: ukipewa kitu ukitunze, unakitunza kuliko chako, na kikipotea unatafuta pa kuweka uso. Zawadi ni yako, ukitaka uipe shangazi yako wa Mlingotini. Sasa wewe uliyepewa paka wa "kaa naye nitamfuata", ni mwenye mali au mlinzi asiye na mshahara? Jirani mwenyewe hajui, na hajui kwa makusudi. Akitulia Dodoma na nyumba ikawa na panya, paka alikuwa amana. Akipata nyumba isiyo na panya, paka alikuwa zawadi toka mwanzo.

Sheria haisaidii sana, ingawa inachekesha. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Mikataba kinasema makubaliano yasiyo na malipo ni batili, isipokuwa, pamoja na mengine, yakiandikwa na kusajiliwa na yakiwa yametokana na mapenzi ya asili kati ya ndugu wa karibu. Jirani si ndugu wa karibu, hata mkiazimana chumvi kila Ijumaa. Kifungu hichohicho kinainusuru zawadi iliyokwisha kutolewa, kwa hiyo shauri zima linasimamia swali moja: je, paka ameshakabidhiwa? Kiwanja kinakabidhiwa kwa kutembea mipaka yake. Paka unamtoa kirobani saa kumi jioni, na saa moja usiku yuko juu ya ukuta wa nyumba yake ya zamani, anailalamikia milango iliyofungwa. Paka hushika mahali kuliko anavyoshika mtu. Kwa mtazamo wake, aliyehamishwa ni jirani. Yeye yupo, na wewe umeteuliwa kukaimu nafasi iliyo wazi. Jirani akirudi Desemba akamkuta kwako, Kanuni ya Adhabu nayo inasubiri: mnyama wa kufugwa aliye mali ya mtu ni kitu kinachoweza kuibwa. Umemlisha miezi saba, na sasa unatafuta shahidi wa kueleza kwamba hukumwiba.

Mwanasheria atakwambia dawa ni nyepesi: toa chochote, hata shilingi 500, yawe mauziano. Hapo unakutana na ustadhi. Ipo hadithi katika Sahih Muslim inayokataza thamani ya mbwa na paka, na ingawa wanazuoni wengi wa Kishafi, madhehebu yaliyoenea pwani hii, wameruhusu kuuza paka wa nyumbani na kuielewa hadithi hiyo kuwa ni karaha au kuwa inahusu paka wa mwituni, hakuna anayetaka kuufungua mjadala huo mbele ya fuso lililokwisha kupakiwa makochi. Njia ya kuridhisha dini na dola ni kununua bakuli. Andika: "Nimeuza bakuli moja la plastiki, la bluu, kwa shilingi 500, na nimempa mnunuzi moja kwa moja paka anayelitumia." Bakuli lina bei, paka hana, na "moja kwa moja" imemkata miguu yule wa "nitamfuata".

Usitegemee rejista ya serikali ikufanyie kazi hiyo. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ipo tangu 2010, na hereni za kielektroniki zilipokuja zilikwenda kwenye masikio ya ng'ombe, punda, mbuzi na kondoo. Paka aliachwa, nadhani na mtu aliyewahi kumshika paka sikio. Sisi wenyewe tuna namba ya NIDA yenye tarakimu 20, nane za kwanza zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Chipu ya paka wa Ulaya ina 15. Paka wa Kerege hana hata moja, na tarehe yake ya kuzaliwa ni "zile mvua za mwaka juzi". Paka wa pwani ya Waswahili aliyefanikiwa kupata makaratasi ya ukoo ni yule wa msitu wa Arabuko-Sokoke, kule Kilifi, ambaye Wagiriama walikuwa wakimwita kadzonzo bila kuona kuna la ajabu. Mwaka 1978 Jeni Slater, aliyekuwa akiishi karibu na Watamu, alikuta vitoto vyake akavilea. Katika miaka ya 1980 baadhi ya paka hao wakapelekwa Denmark, na miaka ya 1990 shirikisho la wafuga paka la Ulaya, FIFe, likawatambua kuwa aina rasmi. Kumbe ilibidi apande ndege ndipo aonekane ana babu. Nduguze waliobaki msituni wanaishi bila cheti.

Lakini hoja yenye nguvu kuliko zote haitoki sheriani wala Denmark. Inatoka jikoni. Sikiliza mtaa unavyomtaja paka. Akikamata panya, anaitwa "paka wetu". Akilala kwenye kivuli cha mkorosho bila kazi, anaitwa "paka" tu. Akiruka na changu wa watu aliyekwisha kupakwa ndimu, ghafla ana mwenyewe, tena anatajwa kwa jina kamili na nyumba anayokaa. Umiliki wa paka bila karatasi hupanda na kushuka kama maji ya bahari: faida inasambaa kwa majirani wote, hasara inajaa kwako peke yako. Na akimparura au kumuuma mtoto wa watu, maji yanabadilika tena, maana sasa hata wewe unakumbuka kwamba kwa kweli paka huyu alikuwa wa yule bwana aliyehama.

Hapo mzaha unapungua kidogo. Kiswahili kimempendelea paka kwa kuuita ugonjwa ule kichaa cha mbwa, kana kwamba kirusi husoma jina lake kwanza kabla ya kuingia. Ni kweli kwamba mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani. Lakini paka aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa huupata vilevile na kuutoa vilevile, na dalili zikishatokea kwa mtu, kupona karibu hakuna. Kwa hiyo aliyeumwa anaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, anakwenda hospitali bila kungoja kesho, na huko anaulizwa: mnyama anajulikana? Kachanjwa? Paka mwenye afya huwekwa chini ya uangalizi siku 10, aonekane kama atabaki mzima. Siku 10 za uangalizi zinahitaji mwangalizi, na mwangalizi huwa ni mwenyewe. Paka wa mtaa mzima hana mtu wa kumfungia chumbani siku 10. Ndiyo maana karatasi ya bakuli iende pamoja na kadi ya chanjo kutoka kwa afisa mifugo au daktari wa mifugo, yenye rangi ya paka, jinsia yake na jina lako. Kwenye jinsia usiandike ulichoambiwa na jirani. Madume wengi wanaogawiwa huku huzaa ndani ya miezi miwili.

Na hilo linajibu wanaosema paka si kiwanja, mbona tunakuza jambo. Kweli si kiwanja: kiwanja hakizai. Ukipewa ekari moja Kerege, baada ya siku 65 hukuti ekari tano jikoni, tatu zina madoa na moja imepanda pazia. Mimba ya paka ni miezi miwili na ushee, na anaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Vitoto hivyo ni vya nani, vya mwenye amana au vya mwenye zawadi? Swali hili lingekuwa la ng'ombe, ukoo mzima ungekaa kikao.

Pingamizi zito zaidi ni la wazee: ujirani mwema hauandikwi. Kumwambia mtu mliyekula naye futari atie sahihi kwa ajili ya paka ni kumwambia humwamini. Naliheshimu, na ningelikubali lote kama wasemaji wake wasingekuwa haohao waliopanda minyaa. Walipouziana viwanja kwa kuaminiana na baadaye ukazuka ugomvi, hawakusema ujirani umekufa. Walisema safari ijayo tutaandika. Zaidi ya hapo, karatasi inaulinda ujirani usipewe mzigo usio wake. Jirani aliyetia sahihi anaweza kupiga simu kutoka Dodoma kukusalimia tu, na wewe ukapokea bila kuhofia kwamba anamdai paka. Wanaosema paka mwenyewe haielewi karatasi wako sahihi kabisa, na hata bikoni haielewi.

Limebaki suala la mhuri. Hati haihitaji mhuri. Bei, tarehe na mashahidi wawili wanaojua kuandika majina yao vinatosha. Ila nawajua watu wetu: karatasi isiyo na duara la wino wanaiona kama orodha ya sokoni. Basi anayetaka aende ofisini, avumilie kuchekwa, kicheko hakina ada. Ugumu utakuwa kwenye barua ya utambulisho, inayotaka kuthibitisha kwamba mtajwa ni mkazi wa hapa, anafahamika, na tabia yake ni njema. Mambo mawili ya kwanza paka anayapita kuliko wapangaji wengi. La tatu waulizwe wenye changu.

Na siku nyumba ya tatu itakapojitokeza na karatasi yake yenye tarehe ya zamani zaidi, kwa sababu paka huwa na nyumba ya tatu, wenye karatasi wataelekezwa kwenye baraza, wataketi kwenye benchi na nakala zao mapajani, na karani, kwa mazoea ya miaka mingi, ataandika juu ya jalada: "Mgogoro wa mpaka."