Nasaha kwa Wenye Taabu: Kisanduku Kimewaka, Intaneti Haitulii

*Bwana Mshauri, nimenunua kisambaza waifai kwa nyumba yangu ya wageni. Mwanangu alikifunga darini, hakikuwaka. Nikaongeza LUKU, hakikuwaka. Akapitanisha nyaya, kikawaka, nikachinja jogoo. Tangu usiku ule wageni wananilalamikia kwamba intaneti mara ipo, mara haipo. Je, ni hasidi?*
— Mdhulumiwa, Picha ya Ndege, Kibaha

Hasha, Bwana, hasidi hana hata chembe ya ujira katika kazi hii. Mintarafu ya kutowaka, fahamu kwamba kifaa cha namna hiyo aghalabu hakichomekwi ukutani, bali hupokea umeme na intaneti kwa waya mmoja, utokao katika kisanduku chenye matundu mawili, ambayo moja ni la kuelekea kwenye ruta na la pili, lililoandikwa PoE, ni la kisambazaji chenyewe. Na mwanao, kwa pupa ya ujana, aliyageuza. Ama hiyo LUKU uliyoongeza, kanuni ya PoE ya mwaka 2003 ilitosheka na wati 15.4 kwa kila tundu, kwa hiyo TANESCO wakushukuru wao.

Shida kubwa ni dari. Bati lililo juu yake ni metali, nayo metali huyarudisha mawimbi yalikotoka. Fauka ya hayo, joto la darini saa nane mchana katika mkoa wetu wa Pwani lingemtoa jasho hata popo. Kishushe chini ya dari, katikati ya ukumbi, waya usizidi mita 100, kisha uwashe na uache kitulie dakika chache bila ya kukizima kila taa inapobadilika rangi. Na maadamu intaneti huja na kutoweka, nashuku kwamba ruta na kisambazaji vyote viwili vinagawa anwani kwa simu za wageni, mithili ya makadhi wawili wanaomwozesha binti mmoja kwa waume wawili, kila mmoja kwa cheti halali. Kizuie kisambazaji kugawa anwani, uiachie ruta. Nywila ya kiwandani uibadilishe pia. Jogoo, Mungu amrehemu.

*Bwana Mshauri, kaka yangu aliyeko Kibaha ana intaneti nyingi asiyoimaliza. Nikiweka kisambazaji juu ya paa langu Kisarawe, nitaidaka?*
— Mwenye Shauku, Kisarawe

Ghera yako naistahi. Lakini kutoka kwako hadi kwa kaka yako ni zaidi ya kilomita 20 hata kwa kunguru arukaye bila ya kupinda, na kifaa cha nyumbani huchoka kwenye ukuta wa tatu au kwenye mkorosho wenye majani mabichi. Sikatai kwamba mwaka 2007 mtaalamu wa mawasiliano Ermanno Pietrosemoli alivusha mawimbi ya namna hii kilomita 382 huko Venezuela. Ila yeye alitoka mlima kwa mlima, kwa antena za sahani zilizoelekezana barabara, wala hapakuwa na kizuizi katikati. Wewe utahitaji minara miwili, na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, nao ni wa kuulizwa kabla ya nguzo ya kwanza kusimama. Zaidi ya hayo, katika barua yako yote sikuona mahali ulipoandika kwamba kaka yako amekwisha kuambiwa.