Watu Arobaini na Tatu, Brashi Nne

Leo asubuhi mlinzi wetu kanipokea getini, kiganja kimejaa magamba meupe. "Mama, ule ukuta wa Jumamosi umeanza kuja wenyewe ofisini." Nikadhani utani. Kufika uani, nakuta ukuta umebabuka kama kenge anayejivua gamba, na watoto wa kituo chetu wanashindana nani kabandua kipande kikubwa zaidi.

Jumamosi kampuni moja ilikuja kujitolea kutupakia ukuta chokaa. Barua yao ilisema watu kumi na watano. Nikaandaa brashi nne za katani, ndoo mbili, na pilau ya watu ishirini, maana kwetu hakuna anayepika kwa hesabu kamili. Saa tatu likaingia basi. Wakashuka watu arobaini na tatu, fulana mpya tupu, na wapiga picha wawili. Nikawahesabu mara mbili, kama anayehesabu chenji pungufu.

Mzee, fundi wetu wa chokaa, nikamwambia akae kivulini, leo vijana watampumzisha. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi, kwa sababu chokaa si rangi. Chokaa ni jiwe lililosahau kuwa ni jiwe. Unalichoma tanuruni, kama wazee wa pwani walivyochoma matumbawe, linatoa hewa yake na kubaki jepesi. Ukilimwagia maji, linachemka pasipo moto, tena kwa hasira ya kukuunguza mkono. Ukishalipaka ukutani, linaanza kuvuta tena ile hewa ya ukaa, kidogo kidogo, siku hadi siku, mpaka ligeuke jiwe upya. Ndiyo maana ukuta huloweshwa kwanza, chokaa ikapakwa nyembamba kama maji ya maziwa, ikaachwa, kesho ukarudia. Na shani yake kubwa ni hii: ikiwa mbichi, karibu haionekani. Weupe hujitokeza inapokauka.

Sasa mpe mtu wa ofisini brashi. Anapaka, anatazama, ukuta uko vilevile. Anapaka tena. Mwenzake anampokonya brashi, naye apigwe picha. Anaona ukuta bado, anaongeza. Pale kwenye kona yenye mwanga mzuri nilihesabu mikono kumi na mmoja ikipita juu ya mahali pamoja. Kuna kijana aliyeona chokaa ni nyepesi mno, akaizidishia unga mpaka ikawa uji wa mgonjwa. Mzee akaniita kwa ishara. "Mwanangu, waambie waache. Nene namna hiyo haishiki." Nikamnong'oneza, "Mzee, hawa ni wageni." Akanyamaza. Kimya chake ndicho kinachonichoma mpaka sasa, kuliko chokaa iliyonibabua vidole.

Si ukuta tu: miche ishirini ilipandwa ikiwa bado na viriba vyake. Maji yaliisha saa tano. Mgeni rasmi alitupongeza kwa jina la kituo kingine.

Nimejumlisha mchele, nyama, maji ya chupa, chokaa, na ujira wa Mzee wa kukwangua na kupaka upya. Hesabu imezidi kwa mbali thamani ya katoni tatu za sabuni walizotuachia. Huko Upareni, watu wakiitana msaragambo, yaani kazi ya pamoja, mtu huja na jembe lake begani. Siku hizi jembe ananunua mwenyeji, chakula anapika mwenyeji, na picha anaondoka nayo mgeni. Nami sithubutu kulisema hili mbele yao, kwa kuwa mwezi ujao nitawapigia magoti kuomba magodoro.

Basi wewe ambaye ofisi yenu inapanga kututembelea: tutumie idadi ya kweli, njoo na brashi yako, na umsikilize fundi kabla ya mpiga picha. Mimi kwa upande wangu nimeshamwomba Mzee radhi. Hakunijibu, ameomba kikwangulio na ndoo moja ya maji.