Mawese Ngazini

Mama mkwe wangu haangalii filamu za damu. Alipotoka Bukavu kuja kukaa nasi Ixelles, Brussels, majira ya baridi, alisema wazi kwamba ameona vya kutosha kwa macho yake, na haelewi mtu anunue tiketi aonyeshwe tena. Hoja nzito, na mkwe habishiwi. Kwa hiyo Jumamosi ile sisi tulipokaa sebuleni, yeye alibaki jikoni na kinu chake. Sombe, yaani kisamvu, ya kugandishwa haiamini. Alitaka majani mabichi, ayatwange mwenyewe.

Filamu aliichagua binti yetu mkubwa, mtoto wa Brussels kwelikweli. Tangu 1983 mji huu una tamasha la filamu za ajabu na za kutisha, BIFFF, ambalo mshindi wake hupewa Kunguru wa Dhahabu na ambalo watazamaji wake hupiga mayowe kuwaonya waigizaji. Desturi hiyo ameihamishia kwetu. Alituwekea Dawn of the Dead ya George Romero, ya mwaka 1978, mwendelezo wa Night of the Living Dead ya 1968. Watu wanne wanawakimbia maiti waliofufuka, wanajifungia katika jengo kubwa la maduka huko Monroeville, Pennsylvania.

Wakati huo dumu la mawese aliloleta wifi kutoka Matonge, mtaa wa Wakongo hapa mjini, lilikuwa nje ya mlango wetu, ghorofa ya tatu, karibu na redieta ya ngazini. Mawese huganda kwa baridi ya huku, na mume wangu alitaka yayeyuke kabla ya sombe kuiva. Dumu lilikuwa na ufa. Mafuta yalipokuwa yameganda, ufa haukuonekana. Yalipoyeyuka, yakaanza safari. Yalipita chini ya dumu, yakashuka ngazi moja baada ya nyingine, mekundu, mazito, juu ya marumaru nyeupe, mpaka mlangoni kwa jirani wa chini, bibi mmoja Mbelgiji anayeishi peke yake.

Hebu jiweke mahali pake. Juu kuna mayowe. Kuna kishindo cha mchi, du, du, du. Kisha unafungua mlango, unaona wekundu unateremka. Alifanya ambalo mtu mwema angefanya: aliita polisi.

Walikuja wawili, mikono kiunoni. Mama mkwe ndiye aliyewafungulia, akawatazama, akatazama ngazi, akapiga ukelele uliozidi wetu wote, maana lita tano za mawese mazuri zilikuwa zimekwenda. Polisi mmoja aliinama, akagusa, akanusa. Mama mkwe akamweleza kwa Kifaransa cha shule ya masista kwamba hiki ni chakula. Jirani alisimama chini akilia kwa ahueni. Polisi walipoondoka, alipanda na ndoo na kipande cha sabuni.

Tulisugua mpaka usiku wa manane. Mume wangu, akiwa magotini, akaanza kusimulia habari ya sabuni. Mwaka 1911 kampuni ya Lever, watengenezaji wa Sunlight, ilipewa na serikali ya Ubelgiji maeneo makubwa ya michikichi Kongo, na Lusanga ikabadilishwa jina kuwa Leverville. Watu walilazimishwa kukwea michikichi ile na kukata mikungu ili Ulaya ipate kunawa. Mwaka 1931 Wapende wa Kwango waliasi, na uasi ukazimwa kwa risasi. Jirani alikuwa hajawahi kusikia. Aliacha kusugua, akasikiliza.

Baada ya hapo mama mkwe akasema filamu ianzishwe upya. Akakaa, na jirani akakaa naye.

Karibu na mwanzo polisi wanavamia jengo la mafukara, Weusi na Wapuerto Rico, ambao wamekataa kutoa maiti wao na wamewaficha chini. Binti yetu huona hapo kitisho tu. Mama mkwe aliona heshima. "Hawa ni watu," alisema. "Nani hutoa wafu wake kwa askari?" Kwangu pia wafu wanaotembea si wageni: nilikulia Tanga nikisikia habari za misukule, waliodhaniwa wamekufa kumbe wanalimishwa usiku na kulishwa pumba. Huko Haiti, ambako wengi walipelekwa kutoka Kongo kama watumwa, zombi alikuwa hofu ileile: kufa na bado kufanyishwa kazi. Romero alimwondoa bwana anayewafanyisha kazi. Wafu wake hawalimi. Wanazunguka madukani, wanapanda ngazi za umeme, wanagonga vioo. Damu yao ni nyekundu ya kung'aa, karibu na chungwa, na usiku ule sote tuliitambua rangi hiyo. Aliyeitengeneza, Tom Savini, alikuwa mpiga picha wa jeshi la Marekani Vietnam, maiti aliwajua.

"Hawana njaa," mama mkwe alisema. "Wamezoea kuchukua." Sijasoma mhakiki aliyelisema vizuri zaidi.

Wanaodharau mwendelezo kuwa ni biashara ya kurudia watazame namna hii ya pili inavyoijibu ya kwanza. Mwaka 1968 Ben, mtu mweusi aliyeigizwa na Duane Jones, anavuka usiku mzima wa mizuka, kisha asubuhi anapigwa risasi na wawindaji wazungu. Miaka kumi baadaye Peter, mweusi pia, aliyeigizwa na Ken Foree, amekata tamaa na bastola iko kichwani pake. Anabadili nia, anapigana mpaka juu ya paa, anaondoka kwa helikopta na mwanamke mjamzito. Mafuta ni kidogo. Lakini yu hai.

Ziangalie zote mbili, ya 1968 kwanza, watoto wadogo wakishalala. Na ile sehemu ya polisi na mafukara usiipeleke mbele.