Baridi Itokayo Chini

Kwetu Mombasa, Mji wa Kale, watu hawagombei vitanda; wanagombea sakafu. Machi inapoingia, kaskazi imeshachoka na kusi haijaamka, kitanda huwa adhabu. Mama alikuwa akimwaga maji ukumbini, akiyakausha kwa tambara, kisha sisi watoto tunatandika mikeka na kuviziana nani atapata pale karibu na mlango, ambapo saruji ina ubaridi kuliko pote. Mimi ni wa tano kuzaliwa. Mahali pale nilipapata mara mbili tu, na mara moja kati ya hizo kaka yangu alikuwa amelazwa hospitali.

Kwa hiyo nilipohamia Nairobi kikazi, na wenzangu wa ofisini wakakata shauri tupande Mlima Kenya, orodha ya vifaa niliyopewa niliisoma mara tatu. Namba saba ilisema: mkeka wa kulalia wenye kinga ya baridi itokayo chini, R 4 au zaidi. Baridi itokayo chini! Kitu nilichokipigania kwa viwiko utotoni, leo natakiwa nitoe pesa nijikinge nacho.

Na hiyo R. Nilidhani ni saizi, kama ya viatu. Nikajitazama kwenye kioo, kimo cha wastani na kitambi cha mtu aliyeoa mapema, nikajikadiria kuwa R 3, ila nichukue 4 ili nipate nafasi ya kujigeuza. Kuuliza sikuuliza. Mtu wa pwani kuuliza habari za baridi mbele ya watu wa Nyeri na Nyandarua ni kujitafutia jina la utani.

Jumamosi nikaenda soko la Toi, karibu na Kibra, ambako vifaa vya wapanda milima wa Ulaya huja kumalizia uzee wao. Nikamwendea kijana mmoja aliyesimama nyuma ya rundo la makoti ya theluji.

"Nataka mkeka wa baridi, R 4."

Akanitazama, akalitazama rundo lake, akanitazama tena. Nadhani hapo ndipo alipojua watoto wake watakula nini jioni ile.

"R 4 ziliisha asubuhi, boss. Imebaki R 5 moja tu."

Akachomoa godoro la upepo, la plastiki, buluu inayong'aa, mto wake umeungana nalo, na upande wa kulia lina tundu la mviringo. Nikamuuliza tundu hilo ni la nini.

"La thermos. Ukisikia kiu ya chai usiku, hutoki kwenye hema."

Akili ya Ulaya hiyo! Nikalipa mia nane bila kuteta bei, jambo ambalo Mama akilisikia ataniombea dua.

Sasa, mimi nimekulia mji wenye ufuo wa Pirates. Maisha yangu yote nimeona watalii wakielea juu ya vitu vya aina ile, wamelala chali, soda imechomekwa ndani ya tundu lile lile. Lakini macho yana ujinga wao. Kitu cha baharini ukikikuta juu ya makoti ya theluji, unakiona cha theluji.

Tulipandia njia ya Sirimoni, kutoka geti lililo mita 2,650 hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300. Usiku wa kwanza uliniuma mgongo mzima na nikasingizia maharagwe. Siku ya pili tukatembea bonde la Mackinder kutwa, na huko ndiko nilikopaswa kuelewa mambo, kwa maana hata mimea ya bonde lile imejifunika. Kuna miti ambayo majani yake yakikauka haiyatupi. Inayaacha yaning'inie shinani kama koti la bibi kizee. Kuna lobelia ambazo jua likizama hufumba majani yake, zikakificha kichipukizi ndani. Mmea hauna akili wala orodha ya vifaa, lakini unajua usiku unakuja. Mimi nilikuwa napiga picha.

Tukafika kambi ya Shipton jioni, mita 4,200. Mgandamizo wa hewa huko ni kama asilimia 60 tu ya ule wa Mombasa, maana yake kila ukivuta pumzi unapata kama nusu ya ulichozoea na kidogo juu yake. Hesabu yenyewe inakuchosha. Nikalitoa godoro, nikatafuta mdomo wake, nikaanza kupuliza. Pumzi ya kumi nikaona nyota. Ya kumi na tano nikamwona marehemu babu. Dada mmoja wa Nyeri, wa idara ya uhasibu, alikuwa amekunjua mkeka wake wa povu kwa sekunde mbili, mkeka mwembamba wenye vishimo kama trei ya mayai, nami nilikuwa nimeucheka tangu getini. Ameukalia, anakunywa chai, ananitazama.

"Ndugu yangu, hilo si la kuogelea?"

Kambi nzima ikaja kuangalia. Wakalizunguka, wakalibonyeza, mmoja akatia kikombe chake ndani ya tundu la thermos kikakaa sawasawa. Nikaitwa Nahodha. Mpaka leo ofisini, barua pepe za bosi huniita Nahodha.

Tukala, tukalala. Yaani wenzangu walilala. Godoro lile lilikuwa laini kama samaki, na mfuko wangu wa kulalia nao ni wa nailoni, kwa hiyo kila baada ya dakika chache nilikuwa nateleza mpaka mlangoni mwa hema, narudi kwa kujikunjakunja kama funza. Hilo ningelivumilia. Baridi ndiyo iliyonishinda. Ninaijua baridi ya upepo, huja usoni, unajifunika inakoma. Hii ilikuja kama mdai: kimya, kwa mlango wa nyuma, ikaanza na nyonga, ikapita kwenye figo, ikakaa mabegani na haikuwa na haraka ya kuondoka.

"Nahodha, unalia?" sauti ya yule dada ilitoka hema la jirani.

"Natetemeka."

Akanieleza usiku ule, kupitia vitambaa viwili vya hema, yote ambayo ningeweza kuyauliza bure wiki tatu nyuma. Mfuko wa kulalia hukupa joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani ya pamba yake. Juu yako imetuna, lakini chini yako umeilalia, umeiponda, haina hewa tena, haina kazi. Kwa hiyo kati yako na ardhi kuna mkeka tu. Na mkeka wenye hewa tupu ndani, kila ukijigeuza hewa ile inazunguka, inachota joto mgongoni inalipeleka chini. Akaniuliza kama naujua ule mpiko wa kwenye kikapu, unachemsha githeri kidogo, unaifukia ndani ya kikapu chenye mito, inaiva yenyewe. "Mkeka wenye kinga ni kikapu. Wewe sufuria yako umeiweka juu ya barafu." R ni namba ya jinsi mkeka unavyolizuia joto lisipite. Kadiri ilivyo kubwa, ndivyo unavyolala. Wake wa povu ni 2 hivi, akauongezea mwingine chini, kwa kuwa namba hizo hujumlishwa. Langu alikadiria kuwa 1, kwa kunionea huruma.

Kwa maneno mengine, nilikuwa nimelala pale nikijaribu kuupasha moto Mlima Kenya mzima kwa figo zangu mbili.

Saa saba usiku godoro likaanza kulegea. Nikajua limetoboka. Kumbe hapana, hewa ikipoa hujikunja, na pumzi yangu ya jioni ilikuwa imepoa humo ndani pamoja nami. Nikapuliza tena. Babu akaja tena.

Wakati wa chakula kiongozi wetu alikuwa ametusimulia habari za Mwitaliano Felice Benuzzi, mfungwa wa vita aliyetoroka kambi ya Nanyuki na wenzake wawili mwaka 1943, si kwa kukimbia vita bali kwa kuupanda mlima huu huu, kisha wakarudi kambini wenyewe kujisalimisha. Kamba zao za kupandia walizipata kwa kufumua katani ya vitanda vyao. Nikiwa nimelala pale niliwafikiria sana. Wenzetu waligeuza kitanda kuwa kifaa cha mlimani. Mimi nimegeuza kifaa cha baharini kuwa kitanda, na kati yetu sisi wanne, mpumbavu hakuwa Mwitaliano.

Aliyeniokoa ni mpishi. Alinisikia nikipuliza, akaja na katoni mbili za mafuta ya kula, akazipasua, akazitandika chini yangu, juu yake begi langu tupu na makoti ya mvua. Nililala saa nzima kabla hatujaamshwa kwenda kileleni. Katoni! Sijawahi kuiona R ya katoni imeandikwa popote, lakini kwangu mimi ni 9.

Lenana nilifika, mita 4,985. Niliona jua likichomoza, nikawaonea wivu mawe.

Tuliporudi Shipton nilikuta godoro langu, nililoliacha nje, limevimba kwa jua kama andazi. Juu yake wameketi pimbi wawili, wanaota jua wamefumba macho. Wa tatu alikuwa anautafuna mto. Sikuwafukuza. Hao ndio watu wa kwanza kulifurahia.

Tangu hapo nimekuwa mwanachuoni wa magodoro. Nitakwambia, hata usiponiuliza, kwamba zamani kila kiwanda kilijipimia R chenyewe kikajipa alama, mpaka mwaka 2018 kilipotoka kipimo kimoja, ASTM F3340: mkeka unawekwa kati ya sahani mbili, moja ya moto wa nyuzi 35 kama mwili wako, nyingine ya baridi ya nyuzi 5 kama ardhi, wakapima umeme unaohitajika kuiweka ile ya juu na joto lake. Nilinunua lenye R 5 ya kweli, jipya, dukani, na bei yake nimemwambia mke wangu nusu. Ndani lina karatasi za kung'aa zinazorudisha joto, kwa hiyo ukijigeuza linalia kama mtu afunguaye krispi katikati ya hotuba ya Ijumaa. Nimelilalia mara moja kule Aberdare, nikakoroma.

Idi iliyopita nililibeba hadi Mombasa nimwonyeshe Mama. Ilikuwa adhuhuri, umeme umekatika, feni imesimama. Nikalitandika ukumbini, pale pale karibu na mlango, nikamweleza habari za sahani mbili. Akanisikiliza mpaka mwisho, akajilaza. Baada ya dakika chache akaketi. Akaweka kiganja juu ya godoro, akakiweka kwenye saruji, akakirudisha kwenye godoro, taratibu, jinsi alivyokuwa akitupima vipaji vya nyuso zetu tulipokuwa wadogo.

"Mwanangu," akasema, "godoro lako lina homa."

Akalisukuma kando kwa mguu, akajinyoosha sakafuni.