Kijiko Kimegoma Kutembea: Mwongozo kwa Wasio na Haraka

Kijiko kinachozungumziwa hapa ni kile chenye baketi mbele na mkono wa kuchimbia nyuma, ambacho watu hukiita JCB hata kama ubavuni kimeandikwa Case au Massey Ferguson. Tuchukue 3CX, maana ndiyo unayokutana nayo saiti hadi saiti. 3CX za kwanza zilitoka Uingereza mwaka 1980, na ukitazama baadhi ya zinazochimba mitaro ya mabomba huku kwetu, unaweza kuapa kwamba ndizo hizohizo. Kilichimba misingi huko kwao, kikazeeka, kikapanda meli, kikashuka Dar es Salaam au Mombasa na kupakwa rangi ya njano mpya hadi kwenye vioo vya taa. Leo asubuhi opareta kasukuma liva mbele, injini ikanguruma, kijiko hakikusogea. Kavuta nyuma. Vilevile.

Uchunguzi una taratibu zake, tuzifuate.

Kwanza kabisa kusanya watu. Anatakiwa opareta, atakayeapa kwamba jana kilikuwa kizima. Anatakiwa utingo, ambaye anajua kilichotokea jana lakini hakuna atakayemuuliza. Anatakiwa pia mzee mpita njia aliyewahi kufanya kazi ya barabara enzi hizo, ambaye kila sentensi yake itaanza na "Sisi wakati wetu". Wengine watajitokeza wenyewe. Kila mmoja atataja ugonjwa unaolingana na biashara yake: welda ataona ufa, fundi umeme ataona waya, na kijana mwenye shemeji anayeuza spea Gerezani, Dar es Salaam, ataona giaboksi nzima, tena anajua ilipo moja "iliyotoka Ulaya juzi tu".

Utagundua kwamba hakuna aliyetaja handbreki. Sababu ni ya kiuchumi.

Handbreki ya mashine hii ina swichi. Ukiivuta, swichi inakata umeme unaokwenda kwenye solenoidi za mbele na nyuma pale kwenye giaboksi, ili opareta asiburuze mashine huku breki imekaza. Ni wazo zuri la mhandisi ambaye hakuwahi kuona vumbi letu. Swichi ikijaa tope, au waya wake ukikatika, kijiko kinaamini handbreki imevutwa, na hata ukiishusha mpaka sakafuni hakikuelewi. Mbele hakuna, nyuma hakuna, na taa yake kwenye dashibodi inaendelea kuwaka, isipokuwa kama balbu ilishaungua tangu mmiliki wa tatu. Kuikagua ni kazi ya muda mfupi kuliko kumtuma mtu vocha. Kwa hiyo fundi anayejiheshimu huiacha mpaka giaboksi iwe imeshushwa chini na mafuta yake yamemwagika kwenye mchanga.

Ndugu yake swichi hiyo ni kitufe kilichoko juu ya liva ya gia. Opareta hukibonyeza ili kuachanisha mwendo anapobadilisha gia, na kwa miaka yote hiyo kimebonyezwa kwa vidole vyenye grisi, mihogo na maji ya miwa. Kikinasa chini, mwendo unabaki umeachana moja kwa moja. Liva ya baketi ya mbele nayo mara nyingi ina kitufe cha namna hiyo. Vikague vyote viwili endapo huna tena mtu wa kumpigia simu.

Ukiona aibu kukaa bure, fungua kisanduku cha fyuzi. Fyuzi ya mwendo utaitambua kirahisi: ndiyo ile iliyoviringishwa karatasi ya sigara. Kisha fanya jaribio moja la bure ambalo halijawahi kumtajirisha mtu. Zima injini, washa swichi ya funguo tu, shusha handbreki, halafu peleka liva mbele na nyuma huku mwenzako ameweka sikio karibu na giaboksi. Solenoidi nzima hulia "tik". Ikilia upande wa mbele na kunyamaza upande wa nyuma, badilishanisha plagi zake. Ugonjwa ukihamia kwenye solenoidi ya pili, ulikuwa kwenye waya; usipohama, ni solenoidi yenyewe au kilichoko ndani. Jaribio hili lina kasoro moja kubwa: linatoa jibu. Waambie watu warudi nyuma kwanza ili wasilisikie.

Sasa mafuta. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuangalia mapema. Giaboksi ya kijiko haina klachi ya kukanyaga kama ya lori. Kati yake na injini kuna toki konvata, na ndani kuna klachi za mbele na nyuma zinazobanwa kwa presha ya mafuta. Mafuta yakipungua, presha hakuna. Presha isipokuwepo, klachi hazibani, hata kama kila chuma ndani yake ni kipya. Kwa hiyo dipstiki ni kitu cha hatari sana kwa fundi anayedai kwa siku. Ukilazimika kuichomoa, kwanza bishaneni kama inasomwa injini ikinguruma au ikiwa imezimwa. Ubishi huu ni mzuri kwa sababu pande zote zina haki: mashine hutofautiana, na kitabu chake kinasema wazi. Kitabu chenyewe kiliuzwa na karatasi chakavu.

Rangi ya mafuta inazungumza. Yakiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, na kwenye mashine ambayo kipozeo cha mafuta kimo ndani ya rejeta, mtuhumiwa wa kwanza ni rejeta. Yakinuka kuungua na kuwa meusi, klachi zimekuwa zikiteleza kwa muda mrefu na opareta amekuwa akizidisha moshi kuficha. Chujio nalo lina ushahidi wake. Vumbi la rangi ya dhahabu ni sinkromeshi, vipande vya chuma vinavyong'aa ni gia au beringi, na uchafu mweusi wenye nyuzinyuzi ni sahani za klachi. Mweleze mwenye mali kwamba hiyo dhahabu ni ya kawaida.

Kuna kijiko kinachotembea vizuri asubuhi, kufika saa sita kinaanza kusitasita, na saa nane kinalala. Kikipumzika jioni kinafufuka. Watu wamekwisha kusema mengi juu ya aina hii, mpaka na kiwanja kilichochimbwa bila kuomba ruhusa ya wenyewe. Jibu ni joto tu. Mafuta yakiwa baridi ni mazito, hivyo pampu iliyochoka na sili zilizolika bado zinaweza kushika presha. Yakichemka yanakuwa mepesi na kuponyoka kila penye upenyo. Kipimo cha presha kingesema haya yote, mafuta yakiwa baridi na yakiwa ya moto, bila kutoa kafara. Shida yake ni kwamba fundi aliyenacho anakodisha kwa bei inayokaribia ya mbuzi.

Mtu akipendekeza kijiko kisukumwe kidogo kishtuke, usimzuie. Tani karibu 8 zinajenga mwili. Hakitashtuka kwa jinsi hiyo, kwa kuwa pampu inayobana klachi huzungushwa na injini, na magurudumu hayana njia ya kuizungusha kutoka upande wa pili. Hata kukivuta mbali kwa lori bila kufungua propela ni kuizungusha giaboksi ikiwa kavu. Lakini zoezi huwaleta watu pamoja, na nyimbo huwa nzuri.

Uzuri ni kwamba kijiko kina namna ya kujikokota chenyewe. Opareta mzoefu hugeuza kiti, hunyanyua baketi ya mbele na miguu ya pembeni, hukita ndoo ya nyuma ardhini na kujisukuma hatua kwa hatua mpaka kando ya barabara, kama kaa aliyepoteza magwanda. Watoto hushangilia. Hii pia ni habari njema ya kitaalamu: injini na haidroliki ni nzima, ugonjwa uko kati ya konvata na magurudumu. Usiitangaze.

Kilekile kijiko kinaweza kukuonyesha ugonjwa ulipo. Kita miguu ya pembeni na baketi ya mbele, magurudumu yote yapande juu, weka magogo ya kuaminika chini ya ekseli, na asiingie mtu chini hata kama kiatu chake kimebaki huko. Hapo sina mzaha. Tia gia, tazama propela kwa mbali. Isipozunguka, rudi kwenye giaboksi na mambo yake. Ikizunguka huku magurudumu ya nyuma yametulia, tatizo liko nyuma. Hapo kuna ujanja unaowashangaza wengi: shafti moja ya nusu ikikatika, mashine nzima husimama, kwa sababu difu hupeleka mzunguko wote kwenye upande usio na kazi. Toa magogo, kishushe chini, na ikiwa kuna pedali ya kufunga difu, ikanyage, kikisogea umempata. Kama ni cha magurudumu manne, washa na ya mbele pia. Kikianza kujiburuta kwa mbele, giaboksi haina kosa lolote, na yule kijana mwenye shemeji Gerezani ataanza kukumbuka ana msiba.

Lipo pia jaribio la kukanyaga breki, kutia gia ya juu na kusukuma mafuta mpaka mwisho, kisha kusoma mzunguko wa injini. Ikipaa kupita kiasi kilichoandikwa, klachi zinateleza. Ikizama, injini imechoka au konvata ina hitilafu. Lisizidi nusu dakika, mafuta huchemka upesi, na mbele ya kijiko pasiwe na mtu wala ukuta wa jirani. Kwa kuwa geji ya mzunguko ilikufa zamani, soma kwa moshi.

Ukishamaliza, kuna suala la bili. Tuseme imeonekana ni waya wa swichi ya handbreki, umeshikizwa kwa solo tepu, na kijiko kimeondoka. Usiandike "waya". Andika "marekebisho ya mfumo wa usafirishaji nguvu, mbele na nyuma", weka siku mbili za kazi, nauli ya Gerezani kwenda na kurudi, na lita 20 za mafuta ya giaboksi zilizomwagika wakati wa uchunguzi. Mwenye mali akipiga simu kuuliza spea ya zamani iko wapi, mwambie imebaki kwa fundi kwa ajili ya sampuli.