Jinsi ya Kulipwa kwa Kuharibu Kazi za Watu

Kama utotoni ulichapwa kwa kufungua redio ya baba ili umwone anayezungumza humo ndani, kazi yako ipo. Ni uhandisi wa ubora wa programu, ingawa ofisini watakuita testa. Unapewa kitu ambacho mwenzako amekikeshea, unakivunja kabla mteja hajakivunja, na mwisho wa mwezi unalipwa.

Kwanza upite usaili. Pengine watakuwekea kikombe mezani na kukuambia ukijaribu. Usikimbilie kutaja aina za majaribio ulizokariri. Uliza: ni cha nani? Cha chai ya moto au maji baridi? Mtoto atakishika? Huwezi kujua kitu kimeharibika kama hujui kilikusudiwa nini.

Kisha litakuja swali lenyewe: utajaribuje kutuma pesa kwa simu? Hapo toa utundu wako wote. Tuma sifuri. Tuma kiasi kinachozidi salio kwa shilingi moja. Bonyeza "Tuma" mara mbili harakaharaka, kama mtu mwenye mgonjwa hospitalini. Kata data katikati. Andika namba kwa 07, halafu kwa +255. Kwenye jina andika Ng'wandu, uone kama programu itaikataa ile ritifaa. Ikiikataa, imewafungia mlango Wasukuma wangapi? Usisahau saa. Tuma saa 8:30 usiku wa kuamkia tarehe 1. Seva nyingi hufuata saa ya Greenwich, iliyo nyuma ya Dar es Salaam kwa saa 3, kwa hiyo muamala huo unaweza kuangukia mwezi uliopita, na mhasibu akahangaika wiki nzima kuutafuta.

Ukishaajiriwa, usiandike kamwe "haifanyi kazi". Andika: "Nimeingiza 50,000, nimebonyeza Tuma mara mbili ndani ya sekunde moja. Nilitarajia makato mara moja. Salio limepungua 100,000." Ongeza aina ya simu na toleo la programu, uambatanishe picha ya skrini. Jina la aliyekosea halihitajiki.

Mwandishi wa programu atakujibu, "Mbona kwangu inafanya kazi?" Usibishane naye. Azima simu ya bei ndogo ya mlinzi wa getini, mkae meza moja, mrudie hatua zile zile. Mara nyingi ataiona hitilafu kwa macho yake na kuirekebisha siku hiyo hiyo.

Akisema, "Sehemu hiyo ni ya zamani, haijawahi kusumbua," msimulie Ariane 5. Roketi hiyo ya Ulaya iliruka tarehe 4 Juni 1996 na haikumaliza dakika moja angani kabla ya kulipuka. Programu yake ya uelekezi ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri. Roketi mpya ilikuwa na mwendo mkali zaidi, namba moja ikazidi nafasi ya biti 16 iliyotengewa, mitambo ya uelekezi ikazimika. Hakuna aliyekuwa ameijaribu kwa mwendo ule mpya.

Ijumaa jioni watakutaka uidhinishe toleo liende kwa wateja, na kile kitufe bado kinakata pesa mara mbili. Kataa, hata bosi akinuna. Hiyo 50,000 ya pili ni ada ya mtoto wa mtu.